Kolesteroli Bila Vidonge? Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Dukani, Malindi

Mimi ni mfamasia. Kazi yangu iko Malindi, na wateja wengine hutoka Mambrui, Watamu na hata Lamu. Swali la kolesteroli huja karibu kila siku, na mara nyingi huja hivi: "Sitaki vidonge vya maisha. Hakuna cha asili?" Kipo. Ila si kwa kila mtu, na mara nyingi si kile ambacho muulizaji alikuwa amekishika mkononi.

Karatasi ya maabara imeandika kolesteroli 6.2. Hiyo ni mbaya?

Haijulikani mpaka usome mistari iliyo chini yake. Hiyo 6.2 ni jumla, na jumla huchanganya mafuta ya kila aina. LDL ndiyo inayobeba kolesteroli na kuiacha kwenye kuta za mishipa. HDL huirudisha kwenye ini. Trigliseridi ni mafuta mengine, yanayopandishwa zaidi na sukari, unga na pombe. Mama mwenye jumla ya 6.2 na HDL ya 2.1 hana hali sawa na kijana mwenye 6.2 na HDL ya 0.8.

Kwa mtu asiye na maradhi mengine, LDL iliyo chini ya 3.0 inaridhisha. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi hutakiwa awe chini ya 1.8, na madaktari wengi wa moyo siku hizi wanataka 1.4. Hivyo vyote ni vipimo vya mmol/L, ambavyo ndivyo maabara zetu nyingi hutumia. Kama ndugu yako amekuja na karatasi ya mg/dL kutoka India au Ghuba, gawanya namba ya kolesteroli kwa 38.7 upate hizi zetu. Usigawanye trigliseridi kwa namba hiyo. Hizo zina yake, 88.6.

Nani anaweza kujaribu chakula kwanza, na nani hapaswi hata kuuliza?

Hili ndilo swali ambalo lingetakiwa kuulizwa la kwanza, na huulizwa la mwisho.

Kama una LDL ya 3.5 au 4.0, hujawahi kuugua moyo, huna sukari, presha yako iko sawa na huvuti sigara, basi una nafasi. Mwambie daktari unataka miezi mitatu ya kubadilisha chakula kabla ya dawa. Daktari mzuri hatakasirika, wengi watafurahi.

Wafuatao ni kesi nyingine. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, kiharusi, au kuwekewa kibomba cha kufungua mshipa. Mwenye kisukari aliyefika miaka 40. Mwenye maradhi ya figo ya muda mrefu. Na yeyote ambaye LDL yake ni 4.9 au zaidi, hata akiwa mzima kama kengele, kwa sababu namba hiyo mara nyingi huwa ya kurithi. Kwa hawa chakula ni lazima, lakini kinakuja pamoja na dawa, hakikai mahali pake. LDL ikishuka kwa 1.0, hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi hupungua kwa takriban asilimia 22. Kwa mtu ambaye hajawahi kuugua, hiyo ni faida ndogo ya miaka mingi mbele. Kwa aliyekwisha kuugua ni tofauti ya mwaka huu au mwaka ujao.

Nimeona watu wa kundi hili la pili wakiacha dawa kwa sababu ya ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye simu. Hilo huniudhi kuliko jambo lolote jingine katika kazi hii.

Basi ni chakula gani hasa kinachoshusha LDL?

Mwaka 2003 watafiti wa Toronto, Kanada, wakiongozwa na David Jenkins, waliwagawa watu 46 mafungu matatu kwa muda wa mwezi mmoja. Fungu la kwanza walikula chakula chenye mafuta kidogo ya kuganda, yaani yale ya aina ya samli na mafuta ya nyama, basi. Fungu la pili walikula hivyo hivyo na kumeza statini, vile vidonge vya hospitali vya kushusha kolesteroli. Fungu la tatu walipewa mkusanyiko wa vyakula kadhaa vinavyojulikana kushusha kolesteroli, vyote kwa pamoja: shayiri, maganda ya isabgoli (mbegu ndogo zinazovimba zikitiwa maji), soya, lozi, siagi ya mimea iliyotiwa steroli (viini vya mimea vinavyozuia kolesteroli isinyonywe), na mboga mbili ambazo hapa kwetu hatuzihesabu kuwa dawa hata kidogo, bamia na biringani. LDL ya fungu la kwanza ilishuka asilimia 8. Ya waliomeza statini ilishuka karibu 31. Ya waliokula mkusanyiko ule ilishuka karibu 29.

Kabla hujakimbilia soko la bamia, sikiliza upande wa pili. Wale watu walikuwa wakipewa chakula kilichopimwa. Jaribio liliporudiwa baadaye kwa watu walioachwa wajipikie nyumbani, matokeo yalitangazwa mwaka 2011, na kushuka kulikuwa kama asilimia 13. Hiyo ndiyo namba ya kuipigia hesabu: mtu wa LDL 4.0 akijitahidi kweli atafika 3.5. Si haba. Lakini si nusu, na kidonge cha nguvu hufikisha nusu.

Utelezi wa bamia, ule ambao wengine huwakera, ndio wenye kazi. Ni ufumwele, yaani nyuzinyuzi za chakula, unaoyeyuka majini. Ukifika utumbo mwembamba hushikamana na nyongo na kutoka nayo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo mpya, na malighafi yake ni kolesteroli, kwa hiyo huivuta kutoka kwenye damu. Shayiri, isabgoli, kunde, pojo, mbaazi na maharagwe hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Vipimo vya kila siku ni hivi. Uji wa shayiri, hata ile ya pakiti inayoiva kwa dakika tano, kikombe kimoja na nusu ukishaiva. Maharagwe au jamaa zake, kikombe kasoro robo, yakiwa yameiva: kiasi hicho peke yake hushusha LDL kama asilimia 5. Isabgoli vijiko vikubwa viwili, kwenye glasi kubwa ya maji, unywe mara moja kabla haijaganda, kisha glasi nyingine ya maji. Isabgoli iwe mbali na dawa zako nyingine kwa saa mbili, maana inaweza kuzizuia zisinyonywe vizuri. Mwenye shida ya kumeza asiiguse.

Korosho, njugu na lozi zinaingia humu pia, konzi moja kwa siku, bila chumvi na bila kukaangwa. Kilifi ni nchi ya korosho. Huna haja ya kununua lozi za bei mbaya ili uwe na afya.

Nazi je? Kila mtu anasema jambo lake.

Hapa ndipo ninapopoteza marafiki.

Mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta ya kuganda, kuzidi hata samli na siagi. Majaribio yaliyoyalinganisha na mafuta ya alizeti, soya, zeituni na mengine ya aina hiyo yameonyesha kwamba nazi hupandisha LDL. Hupandisha HDL pia, na hapo ndipo wauzaji wa chupa za mafuta ya nazi hushika, lakini haijathibitika kwamba kupanda huko kwa HDL kunamkinga mtu na chochote. Huambiwa, "Mafuta ya nazi ni mepesi, tazama, hayagandi." Hayagandi kwa sababu ya joto letu. Huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi. Yatie kwenye friji usiku mmoja kisha ugeuze chupa.

Halafu huletwa hoja ya wazee: babu zetu walikula nazi siku zote na hawakuwa na kolesteroli. Hawakupima, kwanza. Lakini hoja yenyewe ina kitu. Visiwa vya Tokelau na Pukapuka katika bahari ya Pasifiki vilichunguzwa, na watu wake, ambao sehemu kubwa ya mafuta yao ilitoka kwenye nazi, hawakuwa na maradhi mengi ya moyo. Walikuwa wakila nazi kwa samaki, ndizi na mihogo, sukari kidogo mno, na kutwa wako kazini. Wale wa Tokelau waliokula nazi zaidi walikuwa na kolesteroli ya juu kuliko wenzao wa Pukapuka. Babu aliyekuwa akivuta nyavu alfajiri na mjukuu wake anayekula wali wa nazi kisha akakaa dukani mpaka jioni hawali chakula kimoja, hata sahani zikifanana.

Sikwambii uache nazi. Nani ataniskia? Nakwambia uangalie tui. Ukikuna nazi na kuikamua, mafuta mengi hutoka kwenye mkamuo wa kwanza, ile kasimile. Kikombe kimoja cha tui zito kinaweza kuwa na zaidi ya gramu 40 za mafuta ya kuganda, wakati mtu mzima wa kawaida hushauriwa asizidishe kama gramu 22 kwa siku nzima, vyakula vyote pamoja. Sasa jaribu hivi kwenye mbaazi: pika kwa tui la pili na la tatu mpaka ziive na mchuzi ushikane, kisha uungie kasimile vijiko viwili tu mwishoni, moto ukiwa mdogo, ukoroge kwa upande mmoja isikatike. Harufu na ladha ya nazi hukaa juu, mlaji huipata kwanza. Kasimile iliyobaki ihifadhi kwa samaki wa kupaka wa Ijumaa. Wali upike kwa tui jepesi, au siku mbili kwa wiki ule wali mweupe na mchuzi wa bamia.

Linaloumiza zaidi, na halisemwi, ni siku ambayo wali ni wa nazi, maharagwe ni ya nazi, samaki ni wa kupaka, na mahamri ya asubuhi yalikandwa kwa tui. Chagua kimoja kiwe cha nazi.

Na mafuta ya kukaangia?

Ya maji: alizeti, soya, mahindi. Yale meupe ya mgando ya kopo achana nayo. Na mafuta ya viazi karai yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi, ya jana na juzi, usiyarudie.

Nakunywa kitunguu saumu, ndimu na tangawizi kila asubuhi. Inatosha?

Kuna chupa moja naifahamu vizuri. Ni ya soda ya lita moja, ndani mna maji ya rangi ya maziwa yaliyochacha, vipande vya tangawizi vimetuama chini, na harufu inatoka kabla kifuniko hakijafunguliwa. Mzee mmoja huja nayo dukani ameifunga mfuko juu ya kifuniko ili isimwagike kwenye tuktuk. Huiweka juu ya kaunta na kuniambia, "Mwanangu, hii imeshinda dawa zako." Mimi humuuliza, "Baba, umepima?" Naye huangalia nje.

Kitunguu saumu kimepimwa. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2007 kilitoa matokeo ya watu wazima 192 waliokila kwa miezi sita, kibichi au cha vidonge vya aina mbili, wengine wakipewa vidonge vitupu bila kujua. LDL haikubadilika kwa fungu lolote. Tafiti nyingine zimeona kushuka kidogo, kwa asilimia chache. Ndimu na tangawizi hazina hata hilo kwa LDL.

Kwa hiyo ipikie, uifurahie, ila usiifanye ngao. Na kama unatumia warfarini au aspirini, dawa zinazozuia damu isigande, kitunguu saumu kingi cha vidonge huongeza hatari ya kutokwa damu. Mwenye vidonda vya tumbo naye asinywe ndimu tupu kila alfajiri kwa ajili ya kolesteroli. Anajiumiza bure.

Habbat soda je? Na uwatu, manjano, mlonge?

Habbat soda ina heshima yake kwetu na sitaigusa. Majaribio yaliyofanywa nayo, mengi madogo, yameonyesha kwamba inaweza kupunguza LDL na trigliseridi kidogo. Kijiko cha mbegu zilizosagwa kwenye asali hakina tatizo kwa watu wengi. Ukitaka kujua kama kwako inafanya kazi, pima, kula miezi mitatu bila kubadilisha kitu kingine, pima tena. Dini iliyotufundisha habbat soda ndiyo iliyotuamrisha kujitibu tunapougua, na sijasikia alimu aliyesema mtu aache dawa ya moyo.

Uwatu una ufumwele mwingi na unasaidia kidogo. Unashusha sukari pia, kwa hiyo mwenye kisukari anayetumia dawa ajichunge asije akashuka mno. Manjano ya mchuzi haina neno. Ya vidonge, hasa ile iliyochanganywa na pilipili manga ili inyonywe zaidi, imewahi kuwaumiza watu ini. Mlonge ni mboga nzuri. Kwa kolesteroli ushahidi wake kwa binadamu ni mdogo mno kwangu kuuza chupa moja.

Nimeona vidonge vya mchele mwekundu wa China mtandaoni. Hivyo ni vya asili kabisa, sivyo?

Ni vya asili, na ndani yake mna statini. Mchele ule huchachushwa kwa kuvu, na kuvu hiyo hutoa kemikali iitwayo monakolini K, ambayo ndiyo lovastatini, statini ya kwanza kuidhinishwa Marekani mwaka 1987. Maana yake mtu anakimbia statini mlango wa mbele na kuipokea dirishani, bila kujua ni miligramu ngapi. Chupa moja huwa nayo nyingi, nyingine haina kitu. Baadhi ya mizigo imekutwa na sitrinini, sumu ya kuvu inayoharibu figo. Umoja wa Ulaya ulifika mwaka 2022 ukaweka kikomo chini ya miligramu 3 za monakolini kwa siku.

Na hizo statini za hospitali zenyewe zimetoka wapi? Mjapani Akira Endo, miaka ya 1970, alipekua maelfu ya kuvu akaipata ya kwanza kwenye kuvu wa jamii ya penisilini. Ukitafuta cha asili, nacho kilianzia kwenye ukungu.

Mbona waniuliza kuhusu kahawa?

Kwa sababu wanaume wa Lamu na Malindi husahau kuitaja. Kahawa ina mafuta yake yaitwayo kafestoli, na mafuta hayo hupandisha LDL. Kahawa iliyopitishwa kwenye karatasi ya kuchujia huyaacha kwenye karatasi. Ile ya kukorogwa ya kopo haina mengi. Kahawa iliyochemshwa na kumiminwa bila karatasi huja nayo, na kahawa chungu ya dele ni ya namna hiyo. Jambo hili liligunduliwa huko Skandinavia, ambako watu walikuwa wakichemsha kahawa yao vivyo hivyo na kolesteroli zao zikawashangaza madaktari.

Vikombe vyetu ni vidogo, nakubali, na kikombe kimoja au viwili barazani baada ya Isha si kesi. Lakini yupo anayekaa kuanzia Alasiri na hesabu ya vikombe ameiacha kwa muuzaji. Huyo akipunguza nusu, LDL inaweza kumshukia bila kugusa kitu kingine. Kashata ile iliyo pembeni ni habari ya trigliseridi.

Samaki, kamba na mayai?

Samaki wa mafuta, kama vibua, dagaa, jodari na nguru, hushusha trigliseridi na ni chakula bora cha moyo kikija badala ya nyama ya mafuta. LDL haishuki kwao kwa maana. Kamba na ngisi wana kolesteroli nyingi ndani yao, ila mafuta ya kuganda ni haba, na kolesteroli unayokula haipandi yote kwenye damu kama watu wanavyofikiri. Kula. Tatizo la kamba huwa siagi iliyowakaanga. Yai moja kwa siku halimdhuru mtu wa kawaida. Mwenye kisukari au LDL ya juu apunguze viini.

Hijama (kupigwa chuku)?

Hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba inashusha LDL ikabaki chini. Ini linatengeneza kolesteroli kila siku, na damu chache zilizotolewa mgongoni hazilizuii. Ukifanya kwa sababu zako nyingine, hakikisha wembe ni mpya na unafunguliwa mbele yako.

Statini zimemuumiza dada yangu misuli. Si ni sumu?

Maumivu ya misuli yapo, na mtu akisema anaumwa namuamini. Ila jaribio ambapo watu walipewa statini miezi fulani na kidonge kitupu miezi mingine, bila kujua kipi ni kipi, lilikuta kwamba karibu asilimia 90 ya dalili walizozisikia kwenye statini walizisikia na kwenye kidonge kitupu pia. Maumivu ni ya kweli. Chanzo ndicho kinachotiliwa shaka. Umri, kazi ya kubeba mizigo na upungufu wa vitamini D huuma vivyo hivyo.

Kuna dalili ambazo hazina mjadala: misuli yote kuuma sana na kulegea, na mkojo kuwa wa rangi ya chai nyeusi. Acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo. Ni nadra. Statini pia huongeza kidogo uwezekano wa kupata kisukari kwa mtu aliyekuwa karibu nacho. Mjamzito, au anayepanga kushika mimba, azungumze na daktari aziache.

Dada yako asikae bila chochote. Kipimo kinaweza kupunguzwa, aina ibadilishwe, au apewe ezetimibi, ambayo si statini.

Nilisikia balungi halipatani na dawa hizi. Ni kweli?

Kweli. Balungi huzuia kimeng'enya kinachovunja simvastatini na atovastatini, ambazo ni aina za statini, na dawa hujazana mwilini kana kwamba umekunywa nyingi. Danzi lina kemikali hizo pia, na sisi hulikamulia samaki na kulitia achari, basi wenye simvastatini walitumie kwa hadhari. Machungwa ya kawaida hayana tatizo hilo. Rosuvastatini haigombani na balungi. Zaidi ya matunda, mwambie mfamasia kama umeandikiwa antibiotiki za klarithromisini au erithromisini, au unatumia dawa za kila siku za virusi. Baadhi hazichanganywi na simvastatini kabisa.

Ramadhani nifanye nini?

Dawa ni rahisi: atovastatini na rosuvastatini humezwa saa yoyote, kwa hiyo meza baada ya kufturu au wakati wa daku. Simvastatini ni ya usiku, basi imekaa pale pale. Hakuna sababu ya kuacha mwezi mzima.

Chakula ndicho chenye kazi. Meza yetu ya futari ina viazi vya nazi, mihogo ya nazi, kaimati, sambusa, tambi za samli na juisi yenye sukari, na wapo wanaotoka Ramadhani na trigliseridi juu kuliko walivyoingia. Shurba ipike kwa shayiri, na hiyo ni dawa kwenye bakuli. Sambusa ziokwe. Kaimati sita zinatosha kuwa tatu.

Mimi ni mwembamba, tena nina miaka 32. Inakuwaje LDL yangu ni 5.6?

Kurithi. Duniani, kama mtu 1 kati ya 250 hadi 300 huzaliwa na hitilafu inayolifanya ini lisivute LDL vizuri kutoka kwenye damu. Wembamba hauzuii, wala bamia hazitoshi. Uliza nyumbani: nani alifariki ghafla kabla ya miaka 55, kwa mwanamume, au 60 kwa mwanamke? Tazama vinundu vigumu kwenye kano ya kisigino na madoa ya njano kwenye kope. Hitilafu hii mara nyingi hupita kutoka kwa mzazi mmoja hadi nusu ya watoto wake, kwa hiyo ndugu zako na wanao wapimwe. Kabla ya hapo daktari aondoe uwezekano wa tezi ya shingo kufanya kazi kwa uvivu, maana nayo hupandisha LDL na tiba yake ni nyingine.

Mazoezi, sigara, miraa?

Kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki hushusha trigliseridi na kunyanyua HDL kidogo. LDL husogea kidogo tu, lakini moyo hufaidika kwa njia nyingine nyingi. Mtu wa Lamu atembee mpaka Shela na kurudi kwa ufukweni badala ya kupanda boti. Sigara iachwe kabisa. Miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo, na soda zinazoshushiwa nazo huongeza trigliseridi. Kwa mwenye mishipa iliyoziba ni mchezo mbaya.

Nimebadilisha chakula. Nipime lini?

Baada ya wiki 8 hadi 12. Mapema zaidi ya hapo utavunjika moyo au utajidanganya. Pima kwenye maabara ile ile, saa zile zile, na usipime wiki uliyokuwa mgonjwa wa homa, kwani homa hushusha namba kwa muda. Kufunga kabla ya kipimo si lazima kwa LDL, ila kama trigliseridi zako zilikuwa juu, funga saa 10 hadi 12 na maji unywe.

Ikiwa LDL imefika pale daktari alipotaka, endelea na urudie baada ya miezi sita. Ikiwa imeshuka lakini haijafika, bamia zako hazijapotea bure: mara nyingi dozi ndogo ya statini juu ya chakula kizuri inatosha, mahali ambapo mwingine angehitaji dozi kubwa. Na kama ulikuwa kwenye dawa tangu mwanzo na sasa karatasi inasoma 1.7, hiyo 1.7 imeletwa na dawa pamoja na chakula. Ukiacha dawa itarudi ilikokuwa ndani ya wiki chache. Ukitaka kupunguza dozi, nenda kwa aliyekuandikia, ukiwa na karatasi zote mbili.